Fedha za Miradi ya Sola Zimsomeshe na Fundi

Mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, uliofanyika Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025, ulisisitiza lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 wa bara hili ifikapo mwaka 2030, kwa kuungwa mkono na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vijiji vingi vilivyo mbali na gridi, yaani mtandao wa taifa wa nyaya za umeme, havina njia ya karibu zaidi ya kufikia lengo hilo kuliko nguvu ya jua; na kila mfumo wa sola, uwe wa taa tatu za nyumbani au wa kuendesha zahanati nzima, hupandishwa paani na fundi. Yapasa basi kila anayepanga bajeti ya mradi wa aina hiyo ajiulize kama, baada ya kutenga fungu la paneli, la betri na la usafirishaji, ametenga lolote kwa ajili ya elimu ya mtu huyo.

Wapo wanaodhani kwamba fundi aliyezoea kutandaza nyaya katika nyumba zenye umeme wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hahitaji kufundishwa upya, na dhana hiyo ni ya hatari. Umeme wa gridi ni mkondo geu, ambao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kila unapogeuka nguvu yake hupita kwenye sifuri, hivyo cheche inayoruka ndani ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja bila kukatika, na swichi isiyotengenezwa kwa ajili yake yaweza kuendelea kutoa cheche hadi ikaungua. Tena paneli yenyewe haizimwi maadamu jua linaiangaza. Hata unene wa waya hubadilika. Vifaa vya wati 120 vikitumia betri ya volti 12 huvuta ampea 10, ilhali kwenye volti 240 vingevuta nusu ampea tu, na fundi akitandaza mita kumi za waya wa taa wa milimita mraba 1.5, zaidi ya volti 2 kati ya zile 12 hupotea njiani. Mwenye nyumba huona taa zinafifia, akaamini ameuziwa sola bandia, na jirani zake wakaamini pamoja naye, kumbe paneli ilikuwa nzima na kosa lilikuwa la waya.

Mafundi wa kusomeshwa wapo tayari mitaani. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambamo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa, hufundishwa anachopungukiwa na kupewa cheti, bila kurudishwa darasani kama mtoto. Kenya nayo imeweka tangu mwaka 2012 kanuni zinazomtaka fundi wa sola awe na leseni ya daraja linalolingana na ukubwa wa kazi. Sharti la leseni ni jema, lakini sharti lisilo na fedha huwasukuma mafundi maskini wafanye kazi kwa kujificha.

Tozo za kukuza ujuzi haziwafikii mafundi hao ipasavyo, kwa kuwa hupitia kwa mwajiri: Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kisha anaweza kurudishiwa gharama alizotumia kuwafundisha, na Tanzania pia tozo hukatwa kwa kigezo cha mishahara. Fundi anayejitegemea hana mwajiri wa kumwombea. Wala mkopo haufai hapa, ingawa wafaa kwa kununulia ngazi na mita ya kupimia umeme, kwa maana usalama wa nyumba ya mteja ni manufaa ya umma, na si haki deni la mafunzo limwangukie fundi peke yake. Lililo zito kuliko ada ni siku za mafunzo zenyewe, ambazo hapati kibarua na nyumbani watu wanakula. Ruzuku isiyoziona siku hizo itawanufaisha wenye nafasi tu.

Kwa hiyo Wakala wa Nishati Vijijini na wafadhili wa miradi hawana budi kuingiza ada, mtihani na posho ya fundi katika gharama za mradi, kama inavyoingizwa bei ya betri, na kuandika katika masharti ya zabuni kwamba kazi ifanywe na mwenye cheti kutoka wilaya ileile. Pale ambapo chuo kiko mbali, mwalimu na apelekwe wilayani pamoja na vifaa, na mtihani wa vitendo ufanyike juu ya paa la shule au zahanati inayosubiri umeme, ili mfumo uliofungwa na kukaguliwa siku ya mtihani ubaki hapohapo ukitumika.