MTUMBA WA GEMU: NANI ANALIA, NA ANALILIA NINI?



Yamezuka maneno barazani, nasi hatukubali yapite bila ya jibu. Yasemwa kwamba kijana anunuaye mashine ya gemu iliyokwisha tumika, au diski iliyopita mikononi mwa wengine, anaua viwanda vya gemu duniani. Ati fedha yake haimfikii aliyeitengeneza, basi yeye na mwizi ni ndugu. Wako hata wasomi wetu waliomeza maneno hayo bila ya kuyatafuna.

Kibanda cha gemu twakijua sote, watu wa Mtwara. Ni chumba kimoja, televisheni moja au mbili, benchi, na watoto wakilipa mchezo kwa mchezo. Mashine iliyomo ni kuukuu. Tuitazame PlayStation 2. Ilitoka Japani mwaka 2000, na kampuni ya Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Twauliza: kitu ambacho mwenyewe ameacha kukitengeneza, kijana wa Chikongola akinunue kipya kwa nani? Na akikinunua kikuukuu, amemnyima nani riziki?

Wazee wetu wana bao, mashimo 32 na kete 64. Bao moja huchezewa na baba, likarithiwa na mwana, likauzwa kwa jirani. Hatujapata kumwona seremala akija barazani kudai alipwe tena kwa sababu bao limehama nyumba. Alilipwa siku ile alipoliuza.

Watajibu kwamba bao si gemu. Haya, twende pwani. Mvuvi wa Msimbati akitaka dau kubwa, huuza lile dogo kwa kijana anayeanza, akaongeza fedha, akaenda kwa fundi. Ondoa mnunuzi wa dau kuukuu, uone kama fundi atapata kazi zaidi! Kwa gemu ni hivyo hivyo. Twakiri kwamba mwenye uwezo wa kununua mpya akinunua kuukuu, siku ile mtengenezaji hapati senti. Lakini aliyemwuzia hupata fedha ya kuongezea apate nyingine mpya. Na yule aliyeanza na kuukuu ndiye mnunuzi wa kesho.

Hata mahakama za kwao zimelisema jambo hili. Mwaka 1908 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba mchapishaji akishauza kitabu chake, hana amri juu ya bei atakayokiuza tena aliyekinunua. Mwaka 2002 Mahakama Kuu Kabisa ya Japani ikaruhusu biashara ya gemu zilizotumika. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji wa diski kuukuu za mashine yake mpya. Wanunuzi wa huko huko wakapiga kelele, na kabla mwezi Juni haujaisha kampuni ikayafuta. Ikiwa wao wameikataa kamba ile, kwa nini sisi tujifunge nayo kwa hiari?

Sasa tutazame ndimi mbili. Nchi yetu ilikuwa na viwanda vya nguo. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mitumba ya nguo ilikuwa mmojawapo wa wale waliovikaba koo viwanda vyetu. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipokusudia kuiondoa mitumba hiyo katika miaka mitatu, wafanya biashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Mwaka 2017 serikali hiyo ikaanza kuzichunguza Tanzania, Uganda na Rwanda, kama zastahili kuendelea kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Rwanda ilishika msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Basi angalieni! Mtumba wa nguo, uliobana kiwanda chetu, tuukatae tuadhibiwe. Mtumba wa gemu, usiobana kiwanda chetu chochote, tuununue tuitwe waharibifu. Huo si uchungu juu ya viwanda. Ni uchungu wa kila tajiri juu ya mfuko wake.

Lakini tusichanganye mambo. Diski iliyonakiliwa si mtumba. Diski kuukuu ni moja, ikiondoka kwangu imefika kwako. Diski iliyonakiliwa ni mia kutokana na moja, na hakuna aliyelipwa. Huo ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yaukataza. Wala asijidanganye mtu kwamba anamwibia Mjapani tu. Vijana wa Kameruni walitoa gemu yao, Aurion, mwaka 2016. Kijana wa Mikindani akitengeneza yake kesho, na sisi tumezoea kunakili, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufa njaa.

Iko na hila mpya. Mwaka 2020 Sony ilitoa PlayStation 5 ya namna mbili, na moja haina pahala pa kutia diski. Gemu utanunua kwa intaneti, nayo itakaa kwa jina lako. Huwezi kumwuzia jirani wala kumrithisha mdogo wako. Umetoa fedha kama mnunuzi, ukabaki mpangaji. Hapo ndipo wasomi wetu wangepaza sauti!

Kwa hiyo twasema hivi. Wenye vibanda, nunueni mashine kuukuu bila ya aibu, lakini diski za kunakili zitupeni. Wazazi, mchungeni mtoto asiache shule kwa ajili ya kibanda, bali msimwite mwizi kwa sababu ya umaskini wake. Na serikali yetu iwape wanafunzi wa Mtwara kompyuta na walimu wa kuwafundisha kutunga programu, ili bao la babu zetu tulitengeneze gemu sisi wenyewe, tuliuze Japani.

Siku hiyo wakilinunua kuukuu, hatutalia. Tutatengeneza jingine.