Gobore si kisingizio

Kuna mwandishi anayesema wazee wa Bisibo na Biharamulo walijaza magobore bila kupima, kwa hiyo anayejijazia risasi leo ahangaikie nini na maikromita? Hoja hiyo ni ya hatari, na imechanganya silaha mbili.

Gobore lina mtutu laini na hutumia baruti nyeusi. Goroli yake lazima iwe ndogo kidogo kuliko tundu, maana inasukumwa kwa mdeki kutoka mdomoni, na kitambaa ndicho kinachoziba upenyo. Bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu haina huruma hiyo. Kichwa cha risasi kikiwa kipana mno, shinikizo hupanda. Kikiwa chembamba, gesi hupenya pembeni na shabaha hupotea.

Wajerumani, waliojenga boma la Biharamulo, walilijua hili. Kichwa cha risasi yao ya 1888 kilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08, cha mwaka 1905 kilikuwa milimita 8.20. Zote ziliitwa za milimita nane! Bunduki za zamani zilizorekebishwa zipokee risasi mpya zilipigwa alama ya S. Hata .303 ya Waingereza, ambayo kwa jina ni milimita 7.7, kichwa chake hukaribia 7.9, kwa sababu jina linapima matuta ya ndani ya mtutu, si mifereji.

Kwa kuwa jina halitoshi, mwenye kibali cha bunduki apime mtutu wake mwenyewe: mtutu mtupu uliopakwa mafuta, kipande laini cha madini ya risasi kisukumwe mpaka kitokee upande wa pili, kisha maikromita ishike sehemu yake pana kabisa.