Hibiskusi ya uzio: tusiing'oe kiangazi



Hapa Kindu, kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8 kinachosha hata maua. Hibiskusi inapukutisha majani, nasi tunashika jembe tuing'oe. Tungoje kwanza! Tukwaruze gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani, mti ungali hai.

Mizizi ya uzio huu inashika udongo wa uwanja. Tukiung'oa, mvua ya mwezi wa 9 itaubeba.

Basi, wakati wa kiangazi tufunike shina kwa nyasi kavu na kulimwagia maji tuliyooshea mboga. Mvua zikirudi, tupunguze matawi kwa theluthi moja, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Matawi hayo tusiyatupe. Tukate vijiti vya sentimeta 15, tuondoe majani ya chini, tuvipande kivulini, udongo usikauke. Baada ya mwezi mmoja au miwili vitakuwa na mizizi.

Hibiskusi ni ndugu ya ngaingai. Ile inalisha watoto, hii inalinda uwanja. Vijiti vingine tumpe jirani wa juu: udongo wake ukishikwa, matope hayatashuka mlangoni petu.