Unauza T-shati Online? Chunga Hii 3% ya KRA

Msee, umefungua duka la T-shati kwa Instagram, design ni zako, fundi wa tao anakuprintia na doh inaingia M-Pesa. Fiti. Lakini kuna hesabu hakuna mtu huposti.

Ushuru wa mauzo wa biashara ndogo ulipanda kutoka asilimia 1 hadi 3 Julai 2023. Unashika mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka. Unaona ni mbali? T-shati za thao moja, tatu kila siku, ushafika.

Noma ni kwamba wanakata mauzo, si faida. Tuseme kwa hiyo thao, ukitoa T-shati yenyewe, kuprint na delivery, unabaki na 150. KRA inataka 30. Hiyo ni moja kwa tano ya chenye umebaki nacho! Ukikula hasara mwezi huo, bado unalipa. (Na usiniambie utapandisha bei, mwenzako anauza mia nane.)

Sheria inakuruhusu uandikie KRA uhamie ushuru wa kawaida, ule wa faida. Lakini huko bila risiti za kila kitu utalia. Ukibaki kwa 3%, malipo mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.