Pimeni Damu Kabla ya Kumpa Mtu Bomba

Mwenye shamba la maua Naivasha anajua kila kitu kuhusu waridi lake: limekatwa saa ngapi, limelazwa kwenye baridi ya nyuzi ngapi, litafika Uholanzi lini. Muulize damu ya anayelipulizia dawa ikoje. Atakutolea macho.

Si kwamba ni siri ya Mungu. Dawa za jamii ya oganofosfeti humuua mdudu kwa kuzima kolinesterasi, kimeng'enya kinachotuliza neva kila zikishapeleka ishara. Binadamu naye anacho, na kwake huzimwa vilevile. Kipimo cha damu huonyesha kimeshuka kiasi gani. Ila kila mtu ana kiwango chake, hivyo asipopimwa kabla ya kushika bomba, majibu ya baadaye yatalinganishwa na nini? California iliagiza vipimo hivyo tangu 1974. Kenya nayo ina kanuni za 2005: wanaofanya kazi za hatari wachunguzwe afya wanapoajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka. Yapo mashamba yanayotii, hasa mnunuzi wa Ulaya akikaza kamba. Kwingine kibarua hupewa glavu zilizotoboka na pakiti ya maziwa, eti yasafishe sumu. Hayasafishi chochote!

Uzembe? Hapana, hesabu. Pasipo kipimo hakuna mgonjwa. Kibarua wa msimu anapiga dawa miezi michache, anaanza kuona ukungu, mikono inamtetemeka, kichwa kinamgonga usiku kucha. Zahanati inamwandikia malaria. Msimu ukiisha anaondoka na maradhi yake, nyapara anaita mwingine getini. Akirudi baada ya miaka kumi kudai fidia, ataambiwa alete ushahidi. Autoe wapi? Wakulima wa Ufaransa waliotumia viuatilifu, Parkinson yao inatambuliwa kuwa ugonjwa wa kazi tangu 2012. Wetu ataambiwa ni uzee, au amerogwa.

Na msiniambie wapiga dawa ni wakaidi, hawataki mavazi ya kinga. Ovaroli la plastiki, ndani ya banda la plastiki, saa saba mchana? Avae meneja kwanza, hata kwa saa moja.

Ua haliondoki Kenya bila cheti cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kwamba halina mdudu. Basi lisiondoke bila majibu ya damu ya aliyelipulizia, ya siku alipoajiriwa na ya wiki hii. Tuone kama maabara hazitapatikana kufikia Jumatatu.