Supa Modo imenitoa machozi

Mhariri,

Nimetazama filamu mbili za Afrika Mashariki na sitaki zipite kimyakimya. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inapendeza macho: Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro vyake, na Yasmin aliyeikimbia ndoa asiyoitaka. Ila kwangu mimi niliyeisoma riwaya, penzi lake na Denge limepita harakaharaka.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ndiyo iliyoniliza. Jo, binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajitosa kumtimizia ndoto. Mtazameni Marrianne Nungo, anayeigiza mama: mwanzoni anataka mwanawe atulie nyumbani, na hofu yote imeandikwa usoni kabla hajasema neno. Stycie Waweru, mtoto mwenyewe, haombi huruma hata mara moja.

Tafadhali tengeni safu ya filamu zetu. Zinapokelewa Berlin na Toronto, ilhali sisi hatuambiwi hata zinaonyeshwa wapi.

Msomaji wenu,
Tanga