Po, ko na mo hufunzwa jikoni

Mwaka 2011 alifariki Bibi Melissa Bowerman, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya kazi miaka mingi Nijmegen, Uholanzi. Umri wake aliutumia kuwasikiliza watoto wanaoanza kusema.

Mwaka 1991, yeye na mwenzake Soonja Choi walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kiingereza na wa Kikorea. Kutia kaseti katika kasha lake na kuvisha kidole pete, kwa Kiingereza ni mambo mawili mbalimbali. Kwa Kikorea kitenzi ni kimoja, kwani vyote viwili vimebanana. Wengi walidhani watoto wote huanza na fikra zile zile, kisha wakazibandika maneno. Kumbe sivyo! Kabla ya kutimiza miaka 2, kila mtoto alikwisha kuufuata mgawo wa lugha ya kwao.

Nasi tuna mgawo wetu: kitabu kipo mezani, kimo sandukuni, kiko kwa shangazi. Haya mtoto hayangoji darasa. Huyaokota jikoni kwa mama na nyanya.

Basi mzazi anayemkataza mwanawe lugha ya nyumbani ati Kiingereza kisiharibike, ajue anafunga mlango gani. Kiingereza na asome, tena akisome barabara. Lakini asinyang'anywe alichokwisha kupata.

Atakaye kumuenzi bibi huyu asingoje hafla. Leo jioni mtoto akiuliza kikombe kiko wapi, na ajibiwe kwa lugha ya nyumbani: kimo kabatini, mwanangu.